Kabla ya kuihukumu jeni, uliza panya wameishi na nani

Wewe unayeanza utafiti wa uvimbe na saratani ya utumbo, nikuonye mapema kuhusu kosa lililonila miezi minane. (Kiswahili huita mengi uvimbe, hapa namaanisha ule wa kinga ya mwili kuwaka. Vya saratani nitaviita vinundu.)

Nilikuwa na panya waliokosa jeni moja. Niliwatilia DSS katika maji ya kunywa, kemikali inayochubua ukuta wa utumbo mpana, na kila asubuhi nikawapima uzito. Siku ya saba walikuwa wamekonda, manyoya yamesimama, kinyesi kina damu. Nilipoulaza utumbo wao kando ya rula, ulikuwa umefupika waziwazi. Wale wenye jeni kamili walikuwa na nafuu kubwa. Nikaamini nimempata mkosaji.

Mwenzangu akaja kuniuliza swali moja: "Hawa ni wa uzao mmoja?" Hawakuwa. Kila kundi lilizaliwa na kukulia kizimba chake. Nikarudia kwa ndugu waliolelewa pamoja, wengine wana jeni, wengine hawana. Panya hula vinyesi vyao na vya wenzao, kwa hiyo wanaokaa pamoja hugawana bakteria. Tofauti yote ikapotea. Niliumia sana, maana nilikuwa nimeshaandika nusu ya makala.

Na onyo lilikuwapo. Mwaka 1993 ilitangazwa kwamba panya wasio na interlukini-10, protini inayotuliza kinga ya mwili, huugua uvimbe wa utumbo. Baadaye wakalelewa bila kijidudu chochote, na hawakuugua. Jeni ilikosekana vilevile.

Ukishavuka hapo, jiulize jeni inafanya kazi katika seli zipi. Utafiti wa mwaka 2004 kuhusu IKK-beta, kimeng'enya kinachosaidia kuwasha uvimbe, ndio ulionifungua macho. Kilipoondolewa katika seli za ukuta wa utumbo, idadi ya vinundu ilishuka sana ingawa uvimbe haukupungua. Kilipoondolewa katika seli za kinga za jamii ya makrofaji, zile zinazomeza vijidudu, vinundu vilikuwa vidogo zaidi. Kimeng'enya kimoja, kazi mbili tofauti, na ungekiondoa mwilini mzima usingeziona. Tangu hapo, mwanafunzi akiniambia "jeni hii inaleta saratani," namrudisha akaseme ni katika seli ipi.

Daftari lako liwe na safu ya namba ya kizimba na ya mama wa kila panya, kando ya uzito. Ianze siku ya kwanza. Huwezi kuijaza kwa kukumbuka.