Fleti Haisogei Sokoni: Majibu kwa Wauzaji wa Kisumu, Nakuru na Kakamega

Barua nyingi nilizopokea safari hii zina kilio kimoja. Fleti imetangazwa, watu wanakuja kutazama, wanasifu, wanaenda zao. Nimechagua maswali yanayowagusa wengi. Msimamo wangu ni huu: soko likiwa zito, kinachouza ni bei ya kweli pamoja na karatasi zisizo na maswali. Tangazo zuri linaleta watazamaji tu.

Nina fleti ya vyumba vitatu Milimani, Kisumu, ghorofa ya nne. Niliitangaza kwa milioni 11 mwaka jana na sijapata ofa ya maana. Majirani wananiambia nisishuke, eti bei itapanda. Nifuate nani? – Mwalimu mstaafu, Kisumu

Mwalimu, kwanza jiulize hiyo milioni 11 ilitoka wapi. Mara nyingi bei ya namna hii hutoka kwa kile mwenye nyumba alichotumia, au kile jirani anachoitisha, au kile anachohitaji ili amalize nyumba ya mashambani na kulipa karo. Mnunuzi hahusiki na hata kimoja kati ya hivyo. Na jirani anayekukataza kushuka, je, yake imeuzwa? Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni matumaini ya mtu. Wewe unatafuta bei iliyolipwa. Mlipe mtathmini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Watathmini, umwambie wazi kwamba unataka thamani ya kuuzia leo.

Elewa pia unashindana na nani. Benki Kuu iliweka riba yake ya msingi, ile inayoongoza riba za benki, kwenye asilimia 13 Februari 2024, na ingawa ilianza kuishusha Agosti mwaka huohuo, idadi ya mikopo ya nyumba ya benki nchi nzima ni makumi machache ya maelfu tu. Kwa hiyo anayekuja kwako huja na akiba, mkopo wa sacco au pesa kutoka kwa ndugu aliye ng'ambo. Mtu huyo ana njia nyingine. Kwa pesa hizohizo anaweza kununua ploti Riat au Mamboleo ajenge polepole, na huku kwetu wengi hutaka kwanza kusimamisha boma nyumbani. Fleti yako lazima imshawishi aache hayo yote.

Ukishapata bei ya kweli, shuka mara moja, ushuke vya kutosha. Kupunguza laki moja leo na nyingine baada ya miezi miwili kunawafundisha watu kusubiri. Piga hesabu ya kungoja pia: fleti ambayo ingepangishwa kwa 45,000 kwa mwezi, ikikaa tupu mwaka mzima, imekunyima 540,000, na ada ya usimamizi bado unalipa.

Sasa ingia ndani ya fleti yenyewe. Mnunuzi wa Kisumu akifika jikoni, mkono wake huenda kwenye mfereji kabla hajatazama kabati. Maji yakitoka kama uzi pale ghorofa ya nne, umempoteza. Angalia tangi la juu, badilisha vali iliyozeeka, kwangua ile rangi iliyovimba chini ya dirisha la bafu, uzibe panapovuja kabla ya kupaka upya. Kupaka rangi juu ya unyevu ni udanganyifu, na alama itarudi kabla hamjamaliza kutia saini. Vyumba vinavyotazama ziwa hupigwa na jua kuanzia saa nane mchana. Usimwite mtazamaji asubuhi pekee ili asijue. Mwambie mwenyewe, mwonyeshe mapazia mazito na jinsi upepo unavyopita madirisha ya pande mbili yakifunguliwa. Mtu akisikia kasoro kwa mwenye nyumba, atayaamini na mengine. Akiisikia kwa keateka langoni, harudi.

Mabroka watatu wana fleti yangu, kila mmoja anaitangaza kwa bei yake, na mmoja anawatoza watu pesa ya kuonyeshwa. Ni sawa? – Section 58, Nakuru

Si sawa, na inakuumiza. Anayeona nyumba moja kwa bei tatu huamua kwamba ina tatizo, au kwamba mwenyewe amebanwa sana. Chukua ajenti mmoja aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba, mwandikiane kamisheni na muda, tuseme miezi mitatu, na kwamba hakuna mtu atakayetozwa kutazama. Wale wengine waandikie waondoe matangazo yao.

Nilinunua kutoka kwa aliyejenga mwaka 2014. Nina mkataba na lease ya miaka 99, sina hati ya fleti yangu. Wakili wa mnunuzi anasema nirekebishe kwanza. Ananisumbua bure? – Mama wa Tom Mboya, Kisumu

Hakusumbui, mama. Sheria ya Sectional Properties ya 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo, ilibadilisha mambo. Zamani ulikuwa unapewa lease, huku hati ya ardhi nzima ikibaki kwa mjenzi au kampuni ya usimamizi. Sasa kila fleti hupata hati yake yenyewe, yenye sehemu yako ya ardhi na ngazi na maegesho ndani yake, na lease za zamani zinatakiwa zibadilishwe ziwe hati za namna hiyo. Mnunuzi anayeweka akiba yake ya maisha ana haki ya kuitaka. Tena benki au sacco yake huenda isikubali lease ya zamani kuwa dhamana, na hapo umempoteza hata kama anaipenda nyumba.

Kazi yenyewe humtaka mpimaji wa ardhi achore ramani ya vitengo kutoka kwa ramani za ujenzi zilizoidhinishwa, kisha ipelekwe kwa msajili wa ardhi. Usiifanye peke yako. Itisha mkutano wa wenye fleti mgawane gharama, maana ramani ni ya jengo zima. Mjenzi akikataa kutoa hati kubwa, ile ya ardhi nzima, au akiwa hapatikani, kampuni ya usimamizi au wenye fleti wenyewe wanaweza kuanzisha ombi. Mjenzi hana uwezo wa kuwafunga milele, na inanikera kuona watu waliolipa kila senti wakimbembeleza kama wapangaji.

Anza sasa, hata kabla ya kupata mnunuzi mwingine. Wakati huohuo tafuta cheti cha kutodaiwa na kaunti ada za ardhi, cha kutodaiwa land rent, yaani kodi ya ardhi ya serikali kuu, na barua ya usimamizi kwamba huna deni la ada ya jengo. Deni la ada ni jambo dogo likijulikana mapema. Likigunduliwa wiki ya kulipa, mnunuzi anauliza ni nini kingine umeficha.

Nikiuza kwa milioni 8, KRA itachukua asilimia 15 ya milioni 8? – Kakamega

Hapana, ndugu, na hofu hii imewafanya wengi waandike bei ya uongo kwenye mkataba, kosa linaloweza kuwafikisha pabaya. Ushuru huu, yaani ushuru wa faida ya kuuza mali (capital gains tax), ulikuwa asilimia 5 tangu 2015, ukapandishwa hadi 15 kuanzia Januari 1, 2023. Lakini hutozwa faida, na faida hupatikana baada ya kuondoa gharama.

Tuseme ulinunua kwa 6,500,000 mjini, ukalipa ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani 260,000, na wakili 100,000. Baadaye ulijenga jikoni upya kwa 220,000. Hapo fleti imekugharimu 7,080,000. Sasa unauza kwa 8,000,000 na kumlipa ajenti na wakili jumla ya 320,000. Kinachobaki ni 7,680,000. Faida ni 600,000, na ushuru wake ni 90,000.

Bila risiti, gharama hizo huwezi kuzithibitisha, kwa hiyo tafuta zile za fundi wa jikoni leo. Na kama umeishi katika fleti hiyo wewe mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuuza, sheria imekuondolea ushuru huu. Ushuru wa stempu wa mauzo haya ni wa mnunuzi, asikubebeshe.

Mume wangu anataka kuuza fleti tunayoishi na watoto. Hati ina jina lake peke yake. Nina la kusema? – Naka, Nakuru

Unalo, dada. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzi, na nyumba mnayoishi ni mali ya ndoa hata kama jina ni moja. Ukiona mambo yanafanywa gizani, nenda na wakili kwenye ofisi ya ardhi uweke tahadhari (caution), yaani zuio la kuiuza, kwenye hati hiyo. Lakini kaeni kwanza mzungumze, na mwambie hivi: wakili yeyote makini wa mnunuzi ataitisha idhini yako kwa maandishi, kwa hiyo bila wewe hana cha kuuza.

Baba alifariki, fleti iko kwa jina lake. Sisi watoto wote tumekubaliana na mnunuzi yuko tayari leo. Tupokee pesa, mirathi ifuate? – Migosi, Kisumu

Poleni kwa msiba. Msipokee. Sheria ya Mirathi inakataza kuuza ardhi au nyumba ya marehemu kabla hati ya usimamizi, ile mahakama inayowapa wanaosimamia mali ya marehemu, haijathibitishwa na mahakama, na kwa kawaida uthibitisho huja baada ya miezi sita tangu hati itolewe. Kukubaliana kwenu ni jambo la heri, lakini hakumpi mnunuzi hati. Leo mko pamoja. Kesho anatokea mtoto mwingine wa mzee, au mmoja wenu anabadili mawazo, na pesa zimeshaliwa.

Anzeni na barua ya chifu inayowataja warithi wote, bila kumwacha mtu, kisha nendeni mahakamani. Mwambieni mnunuzi ukweli kuhusu muda. Kama hawezi kusubiri, pangisheni fleti na kodi iwekwe kwenye akaunti ya pamoja.

Mnunuzi ana milioni 2 kati ya 7. Anataka funguo sasa, nyingine alipe kwa miezi 18. – Lanet, Nakuru

Mazoea ni asilimia 10 mkitia saini na salio ndani ya siku 90. Miezi 18 ni mirefu, lakini siikatai kama mtu anaaminika. Ninachokataa ni funguo. Akiingia akaacha kulipa, kumtoa kutakupeleka mahakamani. Akitaka kuishi humo, aingie kama mpangaji kwa mkataba wa kodi ulio kando, na hati ihamishwe siku ya shilingi ya mwisho. Mkataba useme pia atarudishiwa kiasi gani akishindwa njiani.

Nimekwama na mkopo, benki imeniandikia barua. Fleti nimeitangaza lakini haitoki, na naogopa mnada. Nimebakiwa na muda gani? – Kanyakwar, Kisumu

Muda upo, lakini uutumie kuanzia leo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, ukichelewesha malipo kwa mwezi mmoja benki inaweza kukupa notisi ya kulipa isiyopungua miezi mitatu. Ukishindwa, inatoa notisi nyingine ya siku zisizopungua 40 kabla ya kuuza, na mwenzi wako pia anapaswa kuarifiwa. Baadaye dalali wa mnada naye anakupa siku 45 za kukomboa. Soma tarehe iliyo kwenye barua yako ujue uko kwenye hatua ipi.

Kisha nenda benki. Wengi hufanya kinyume, wanazima simu, na huo ndio ukimya unaouza nyumba za watu. Omba ruhusa kwa maandishi ya kujiuzia mwenyewe ndani ya miezi kadhaa, ukiwa na ripoti ya mtathmini na barua ya ajenti mkononi. Benki nyingi hupendelea hivyo, kwa sababu mnada huleta kidogo na kesi nyingi. Bei yako sasa iwe ile itakayouza ndani ya muda huo, hata kama inauma, mradi ilipe deni. Mnunuzi akipatikana, wakili wake aandikiane na benki moja kwa moja ili pesa zilipe mkopo kwanza na rehani iondolewe kwenye hati.

Ikifikia mnada licha ya hayo, benki ina wajibu wa kutafuta bei bora inayopatikana. Nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki ilivunja wajibu huo hadi ithibitishe vinginevyo. Ndiyo sababu ripoti ya mtathmini unayoilipia leo ni muhimu. Itunze pamoja na kila barua na kila risiti ya malipo, hata ya shilingi elfu tano, na umpelekee wakili nakala kabla ya tarehe ya notisi kufika.