Ulikuwa nani pale Mwaloni? Barua kwa mwanangu

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku hatujambo, bibi yako anakusalimu na bado anauliza utakuja lini. Ujumbe wako niliupata, ila kwa kuwa mjomba wako ni mdogo wangu wa tumbo moja, niliona nilale kwanza ndipo nikujibu.

Unauliza ule mfumo wa kompyuta ulioutengeneza kwa biashara ya dagaa ya mjomba pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, ule unaoandika nani kachukua magunia mangapi kwa mkopo na anadaiwa nini, ni wa nani. Sasa mjomba anataka kuwauzia matajiri wengine wa dagaa, amesajili jina la biashara kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kwa jina lake peke yake, na ukimuuliza fungu lako anakujibu kwamba hiyo ni mali ya ukoo. Tena unauliza kama uufunge mfumo mpaka akubali kuzungumza.

La mwisho nalijibu kwanza: usiufunge. Najua hesabu yako. Siku za giza zinakaribia, boti zitatoka na taa zao, dagaa watajaa mwaloni, na bila daftari la madeni mjomba hawezi kuuza hata siku mbili. Atakubali, ndiyo. Lakini madeni yale ni ya biashara yake, na majina na namba za simu za akina mama wa Sengerema na wanunuzi wa Kongo si zako wewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayevuruga taarifa za mtu bila haki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo. Polisi hatakuuliza kwanza nani aliandika programu. Leo wewe ndiye unayedai. Ukibadilisha nywila tu, unakuwa mshtakiwa.

Sasa umiliki. Katika ujumbe mmoja umeniambia mambo matatu. Kwamba mjomba alikufanyisha kazi kama mfanyakazi wake kwa pesa ndogo. Kwamba mlianza wote na mlikubaliana nusu kwa nusu. Kwamba mfumo umeutunga wewe na ni wako. Una hasira, nakuelewa, na kila moja lina ukweli wake. Lakini miaka yangu ya ukarani katika mahakama ya mwanzo niliandika maelezo ya ndugu wengi waliogombea mashine ya kusaga, mtumbwi, fremu ya duka, na waliokuja na madai ya kila aina kwa pamoja ndio waliokuwa rahisi kuangushwa. Mpinzani alichukua dai moja akalivunjia jingine. Kwa hiyo kabla hujamwambia mjomba neno, amua ulikuwa nani pale.

Ukisema ulikuwa mfanyakazi, umempa mfumo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyoyalinda maandishi, na haki inazaliwa pale pale kazi inapotungwa. Kuiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunasaidia ushahidi lakini si sharti. Ila kazi iliyotungwa na mwajiriwa akitimiza majukumu yake, haki zake za kiuchumi huwa za mwajiri, isipokuwa kama walipatana vingine. Zile laki mbili alizokuwa anakutumia kila mwisho wa mwezi, wakili wake ataziita mshahara. Kadiri unavyolalamika kwamba mshahara ulikuwa mdogo, ndivyo unavyomsaidia kuthibitisha kwamba mshahara wenyewe ulikuwepo.

Ukisema ulikuwa mshirika, hilo pia linawezekana bila karatasi yoyote. Sheria ya ubia bado imo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na watu wanaofanya biashara pamoja kwa ajili ya faida wanaweza kuhesabiwa wabia kwa matendo yao tu. Pasipo mapatano, wabia hugawana faida sawa. Hasara pia sawa! Je, unajua mjomba anadaiwa kiasi gani na SACCOS kwa zile injini mbili? Mimi najua, na sikutakii nusu yake. Tena kilichotengenezwa kwa ajili ya ubia na kwa fedha za ubia kinaweza kuhesabiwa mali ya ubia, mfumo ukiwemo.

Linabaki la tatu, na hapo ndipo nakuona umesimama vizuri. Mfumo uliuanza kwenye laptopu yako, kabla mjomba hajakutumia senti, na unasema kumbukumbu za Git, ile programu inayotunza historia ya kazi yako, zinaonyesha tarehe za kila ulichoandika. Halafu kuna ule ujumbe wa WhatsApp ulionitumia kana kwamba ni kitu kidogo: “Mpwa wangu, niazime huo mfumo wako nijaribu nao msimu huu.” Mtu haazimi kilicho chake. Kwangu sentensi hiyo ina uzito kuliko zile ahadi zote za nusu kwa nusu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hairuhusu ushahidi ukataliwe kwa sababu tu uko kwenye simu, basi usiufute, na usibadilishe simu kabla hujauhifadhi pengine. Kuhamisha hakimiliki kunataka maandishi yenye saini, na yeye hana karatasi yoyote uliyotia saini.

Ila usivimbe kichwa. Wazo la kukopesha kwa gunia na kudai baada ya mbalamwezi ni la mjomba, amelifanya tangu hujazaliwa. Sheria inalinda namna ulivyoandika programu, wazo lenyewe hailigusi. Akimchukua kijana mwingine aandike ya kwake kuanzia mwanzo bila kunakili yako, huna la kumdai. Kwa hiyo nguvu uliyonayo leo huenda mwakani usiwe nayo.

Na hiyo asilimia 50 unayoitaka, ni asilimia 50 ya nini? Jina la biashara halina hisa. Hisa zinakuja na kampuni, chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002, na majina ya wenye hisa yanaandikwa kwenye rejista. Hata kama mjomba angekubali kufungua kampuni kesho, nisingekushauri uingie. Mdogo wangu nampenda, lakini pesa ya biashara na pesa ya mfukoni kwake ni kitu kimoja, na nusu ya faida itakuwa nusu ya kile atakachokitaja yeye.

Mimi ningedai leseni, yaani ruhusa ya kuutumia mfumo kwa masharti. Mfumo ubaki wako. Biashara yake mwenyewe autumie bure muda wote atakaokuwa sokoni, maana ada yako ya chuo aliilipa yeye na hilo ndilo analomaanisha anaposema ukoo, hata kama analisema vibaya. Matajiri wengine wote walipe kwa mwezi, na fungu lako katika kila malipo liwe kiasi kinachojulikana, liingie kwenye simu yako moja kwa moja. Yeye apate chake kwa kuwaleta, kwa sababu wewe huwezi kuwaleta. Wale wazee hawamsikilizi binti wa kompyuta.

Andikeni pia itakuwaje mmoja wenu akifa. Usishtuke. Mjomba akiondoka, hutazungumza na mjomba tena, utazungumza na msimamizi wa mirathi na binamu zako, na wao hawakuwepo wakati mnaahidiana. Mashauri ya namna hiyo niliyaona mengi kuliko ya wezi.

Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wakili ausome kabla mjomba hajauona. Mjomba nimemwambia kwamba umeniandikia, nilichokujibu sijamwambia. Kuwasuluhisha sitaweza, nyote wawili ni wangu, ila mkitaka shahidi wa saini nitapanda meli nije.

Jambo moja hukulieleza: akaunti ya seva, ile kompyuta ya mbali inayouendesha mfumo, iko kwa jina la nani, na nani anailipia? Nijibu hilo kabla hujamwendea.

Mama yako