Kwa nini kila mlango wa Skyrim unatusubirisha?

SWALI: Nimecheza gemu ya Skyrim tangu nikiwa sekondari na sasa naisubiri The Elder Scrolls VI, gemu itakayoifuata, kwa hamu. Natamani mambo mawili tu: niingie mjini na majumbani bila kusubiri gemu ipakie, na vyombo visiruke mezani kila nikifungua mlango kwenye kompyuta yangu mpya. Je, yanawezekana, au naota?

JIBU: Huoti, ndugu yangu. Nianze na vyombo, maana hilo huwa linaniuma hata mimi ninayeandika programu za gemu kila siku.

Unaingia Breezehome, nyumba uliyoinunua kwa jasho lako katika mji wa Whiterun, na kabla hujapiga hatua sahani zimeshatapakaa sakafuni. Skyrim hukokotoa mwendo wa vitu ikiamini kwamba kompyuta inachora fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Skrini yako, kama ni ya fremu 144 kwa sekunde, inachora zaidi ya mara mbili ya hizo, lakini kila fremu bado inahesabiwa kama sehemu moja ya 60 ya sekunde. Vitu vinakwenda mbio kupita kiasi, na vile vilivyogusana vinasukumana kwa nguvu. Kwa sasa, zuia fremu zisizidi 60 na utaona meza imetulia. Dawa ya kweli ni kuipa fizikia, yaani hesabu hiyo ya mwendo wa vitu, saa yake yenyewe, isiyotegemea kasi ya kuchora. Ni kazi inayojulikana. Gemu ya Starfield ya 2023, ya studio hiyohiyo iliyotengeneza Skyrim, inavuka fremu 60 bila vurugu hiyo.

Mlango ni habari nyingine. Skyrim ilitoka Novemba 11, 2011, ikalazimika kuingia kwenye mashine za gemu za wakati huo: Xbox 360 yenye kumbukumbu ya megabaiti 512, na PS3 yenye kiasi hichohicho kilichogawanywa nusu kwa nusu. Ndiyo maana dunia yake imekatwakatwa vipande vya mraba. Ukiwa nje, vinavyopakiwa kikamilifu ni vipande 25 vinavyokuzunguka, tano kwa tano. Kila nyumba ni dunia ndogo ya peke yake, na hata Whiterun nzima, ukishapita lango, iko mbali na uwanda unaouona nje. Wachezaji wenye ujuzi walikwishayafungua malango ya miji kwenye kompyuta, kwa hiyo kuta hizo si za lazima tena.

Ila fikiria kinachobebwa nyuma ya mlango. Weka upanga juu ya kitanda chako Breezehome, nenda mji wa Riften, panda hadi ule wa Markarth, rudi baada ya miezi ya kwenye gemu: upanga upo palepale, umelala vilevile. Gemu nyingi zenye dunia isiyokatika haziweki kumbukumbu ya namna hiyo. Humo kikombe ni pambo, hakiokotwi. Kwenye Skyrim, kila kitu ulichokigusa kinaandikwa kwenye faili lako la kuhifadhi, na kadiri faili lilivyonenepa ndivyo Skyrim ya PS3 ilivyozidi kukwama.

Kwa hiyo mimi naomba maduka, nyumba za kawaida na malango ya miji viwe wazi. Mapango marefu na makaburi ya kale yabaki na mlango wa kupakia. Kwa diski za kasi za SSD za leo ni suala la sekunde chache. Nitazisubiri sekunde hizo kwa moyo mkunjufu, mradi nikirudi nyumbani niukute upanga wangu kitandani.