Zimwi likujualo: nilivyoacha kubandika pembe nikaanza kutisha

"Kaka, unatumia programu gani? Nami nataka kutengeneza zimwi kama lile."

Tangu picha yangu itoke kwenye jalada la kitabu cha hadithi za kutisha mwezi uliopita, swali hili limenijia mara nyingi, na huyu wa juzi ndiye aliyenifanya niamue kujibu hapa hapa, mara moja. Ndiyo, jalada. Nitalitaja tena huko mbele, mnivumilie. Nimelisubiri miaka minne, na wanaonijua wanajua nilichekwa kiasi gani.

Programu ni GIMP, ya kuhariri picha. Ni ya bure, ipo tangu 1996, na walioianzisha walikuwa wanafunzi wawili wa chuo kikuu kule California. Kama una Photoshop ni sawa, karibu kila ninachokisema utakikuta na huko. Najua ulitarajia siri. Siri ipo, ila haimo kwenye programu, na mimi niliijua kwa aibu.

Zimwi langu la kwanza lilikuwa uso wangu mwenyewe. Nilijipiga picha karibu na dirisha, kisha nikakesha nayo. Macho nikayapaka nyekundu, jicho zima, kope kwa kope. Ngozi kijani. Meno nikayakata kwenye picha ya paka anayepiga miayo, pembe nikazitoa kwa mbuzi. Saa kumi alfajiri nikaitazama kazi yangu nikashtuka kweli, au labda ulikuwa usingizi. Nikaituma kwenye kundi la mafundi wa picha, nikalala nikingoja sifa.

Niliamka nikakuta vicheko. Mmoja aliuliza, "Huyu jini anatoka harusini?" Mwingine, ambaye hadi leo nikiona jina lake moyo unaruka, aliandika mstari mmoja tu: "Pembe zinaota jua la upande mwingine."

Nilifunga kompyuta. Miezi miwili sikuhariri hata picha ya kitambulisho.

Nilipoirudia, tena kwa hasira, ndipo nikaona alichokiona. Dirisha lilikuwa upande wa kushoto wa picha, kivuli cha pua kimeangukia shavu la kulia. Mbuzi naye alipigwa jua kutoka kulia. Kichwa kimoja, majua mawili. Mtazamaji hawezi kukuonyesha kosa kwa kidole, lakini jicho lake limeshakataa. Na kurekebisha sikuweza, kwa sababu nilihifadhi JPEG peke yake, leya zote, yaani tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, zimeshikana kuwa picha moja. Hifadhi faili la XCF, ndugu yangu, ambalo GIMP hutunzia leya kila moja peke yake, au PSD ukiwa upande wa Photoshop. Hili nitalisema hadi nizeeke.

Kwa hiyo kwanza ni mwanga. Kabla hujaongeza hata unywele, tafuta kivuli cha pua, ndicho kinachokwambia taa ilikuwa wapi. Kila unachokileta kutoka picha nyingine lazima kiitii taa hiyo. Mara nyingi inatosha kukigeuza kushoto kulia, kama kwenye kioo. Pembe zangu zingepona kwa kubofya mara moja. Miezi miwili ya huzuni, na dawa yake ilikuwa kubofya mara moja!

La pili ni kwamba uache kuongeza. Mhandisi wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, aliandika mwaka 1970 kwamba kadiri roboti anavyofanana na mtu ndivyo tunavyompenda, mpaka anapokaribia sana bila kufika, na hapo mapenzi yanageuka kinyaa ghafla. Niliposoma hilo nilimkumbuka yule jini wangu wa harusini. Alikuwa mbali mno na mtu, na chura wa kijani hamtishi mtu mzima. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huenda, lakini kwenye picha linalotisha ni hilo hilo linalokujua, lenye uso ambao ungeweza kuuamkia asubuhi.

Ndiyo maana siku hizi ngozi siipaki rangi, naiondoa damu. Napunguza wekundu, zaidi kwenye midomo, masikio na ncha ya pua, basi mtu anaonekana kama aliyekaa chini ya maji wiki nzima. Juu yake naweka leya ya gome la mti kwa modi ya Multiply, yaani inachanganyika na ngozi ya chini kwa kuitia giza, naivuta ifuate mviringo wa shavu, kisha kwa maski, inayoficha sehemu ya leya bila kuiharibu, naifuta kwenye kope na midomo. Usipoipinda itakaa bapa kama gazeti lililobandikwa usoni.

Lakini kazi iko kwenye jicho. Kuza picha hadi asilimia 400 uitazame mboni. Utaona kitone cheupe, na ukiangalia vizuri kile ni dirisha lenyewe, dogo, pengine na fremu yake. Hicho ndicho uhai wa uso. Mimi nilikifunika kwa rangi nyekundu, macho yakawa vifuniko vya chupa. Sasa nakinakili kwanza kwenye leya yake na kukiweka juu kabisa, halafu ndipo nafanya fujo huko chini. Weupe wa jicho nautia giza polepole, kutoka pembeni kuelekea katikati. Weupe ule ndio unaotujulisha mtu anatazama wapi, ukififia hujui kama unatazamwa wewe au aliye nyuma yako. Kisha jicho moja, moja tu, nalishusha kidogo. Pembe za mdomo nazivuta nje kidogo. Nimesema kidogo! Ukiona raha kuvuta, umeshapitiliza.

Vivuli navitia kwenye leya ya kijivu cha katikati, modi ya Overlay. Kijivu chenyewe hakionekani, brashi nyeusi inatia giza, nyeupe inaangaza. Nguvu ya brashi isizidi asilimia 10, na upitie mara nyingi. Kukata nywele sitaeleza, kunachosha. Piga picha mbele ya ukuta mtupu, utanishukuru.

Sasa la kukiri. Baada ya kujua haya nilivimba kichwa, nikachukua picha ya dada yangu mkubwa bila kumwambia. Nilimfanya vizuri mno: uso wake ule ule, ila jicho limeshuka na mdomo umezidi. Nikaituma kwenye kundi la familia kama mzaha. Mwanawe wa miaka minne akaiona. Jioni ile mtoto alikataa kubebwa na mama yake, akawa anamkodolea macho kutoka nyuma ya kiti, anangoja abadilike. Dada hakunigombeza. Alinipigia akasema tu, "Mdogo wangu, njoo umweleze mwanao kwamba mimi ni mimi." Nilikwenda na kompyuta, nikawa nawasha na kuzima leya mbele ya mtoto, moja moja, mpaka akacheka. Heri ya vile vicheko vya kwanza kuliko safari ile.

Kwa hiyo nyie mnaochukua nyuso za watu mtandaoni na kuzigeuza mashetani, acheni. Uso una mwenyewe. Omba, na ukikataliwa, kioo unacho, anza na wako. Na muwe na subira, jamani. Vijana mnataka zimwi kwa dakika tano, mnabandika damu, mnabandika moshi, kisha mnauliza mbona hakuna anayeogopa. Hata mwenye kile kitabu alitaka damu mdomoni. Nilimkatalia mara mbili. Ya tatu nikamtumia picha mbili, yenye damu na isiyo nayo, bila neno lolote. Jalada mmeliona.

Uso wa kwenye jalada ni wa dada yule yule. Safari hii nilimwomba, akakubali kwa sharti moja, kwamba akae pembeni yangu nikifanya kazi. Akakaa, miguu kwenye stuli, akaona ngozi inaondoka damu, akaona jicho linazama, wala hakutikisika. Nilipofika kwenye vivuli vya shingo ndipo akanishika mkono.

"Meno refusha utakavyo," akasema. "Lakini hiki kidevu cha pili kiondoe."

Nikakiondoa.