Kwa mnaoenda fildi Caatinga: huyu mjusi mdogo msimchukulie poa

Wadogo zangu mliopata nafasi ya kwenda fildi kaskazini-mashariki mwa Brazil, kwenye vichaka na misitu mikavu ya Caatinga, mtakutana na Lygodactylus klugei, kamjusi ambako bila mkia kana kama sentimita 3 hivi, na aliyekulia Tanga au Mombasa atasema ah, si wale wetu wa kwenye minazi? Ni ndugu kweli, jenasi yao imejaa Afrika na Madagaska, kule Amerika Kusini ni wachache tu, na wazee wao walivuka Atlantiki mabara yakiwa yameshaachana zamani.

Sasa undugu huo ndo unaponza watu. Wetu wa Pwani dume ana kichwa cha njano unamwona toka mbali, huyu ni wa kijivu na kahawia, akitulia kwenye shina unampita hivi hivi. Pia msitoke na tochi usiku kama mnawinda mjusi wa ukutani, huyu ni wa mchana, hata mboni yake ni duara. Nendeni wawili wawili, maana ukisogea yeye anazunguka upande wa pili wa mti, mwenzako ndo amdake. Kiangazi miti inapukutisha majani, mashina yanabaki wazi, macho yanapumzika kidogo.

Kabla hujamgusa andika yuko urefu gani kutoka chini, shina nene kiasi gani, juani au kivulini, kwa sababu ukishamshika hiyo taarifa imeenda na hairudi, na mimi naona ina thamani kuliko uzito wake. Ukishamshika chukua lenzi, ona kidole cha kwanza kilivyo kadogo mno, halafu geuza ncha ya mkia uone chini yake: kuna vigamba vya kunata kama vya vidoleni, yaani mkia nao unapanda mti. Kwa hiyo ukitaka sampuli ya DNA usikate tu mkia kwa mazoea, utaota tena sawa, ila muulize kwanza msimamizi kama kuna njia nyingine.

Magome msibandue ovyo, mayai yanaweza kuwa chini yake, na jike anataga mawili tu kwa mpigo.

GPS ya kila mti ni lazima, vinasaba vimeshaonyesha kwamba hao wanaoitwa klugei si ukoo mmoja, kwa hiyo lazima ijulikane kila mmoja katoka wapi. Na kibali cha ICMBio (taasisi ya uhifadhi ya Brazil) kupitia SISBIO, mfumo wao wa vibali mtandaoni, kianzeni mapema, wageni mna makaratasi ya ziada ya CNPq, baraza la utafiti la Brazil.