Swali la lugha: Mionzi inachoma?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Ujiji. Mama yangu mdogo amerudi kutoka Dar es Salaam alikokuwa akitibiwa kansa, na wanaokuja kumjulia hali wananiuliza maswali mengi hadi nikaamua kuandika karatasi ya maelezo tuibandike zahanati. Nimeandika hivi: "Wagonjwa wa kansa wanachomwa mionzi na mionzi hizo zinaunguza chembechembe mbovu. Siku hizi wataalamu wamegundua tiba mpya ya vinasaba inayoponya kansa ikiunganishwa na mionzi." Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, ameirudisha ikiwa nyekundu tupu. Anasema kansa ni saratani, mionzi haichomi, na vinasaba ni jeni. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mjomba kapatia mawili na nusu, lakini kalamu yake imepita juu ya neno baya kuliko yote bila hata kulipigia mstari. Nitalifikia.

Tumalize kwanza la saratani na kansa maana ni jepesi. Saratani tumeipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni kaa, yule mwenye magando. Kansa imekuja kupitia Kiingereza, nacho kiliichukua kwa Kilatini, na huko pia ni kaa yuleyule. Wagiriki wa kale waliona uvimbe uliotandaza mishipa pembeni wakakumbuka miguu ya kaa. Kwa hiyo wewe na mjomba mnagombea kaa mmoja. Andika saratani, ndilo neno la wizara na la Taasisi ya Saratani Ocean Road, kisha weka kansa kwenye mabano mara moja tu ili na wauza dagaa wakuelewe.

Kuchomwa ndiko kwenye kazi. Kitenzi choma kina nyuso mbili. Kuna choma ya moto: tunachoma nyama, mkaa, matofali. Kuna choma ya ncha: mwiba umenichoma, mtoto kachomwa sindano, na humo ndimo kilimotoka kichomi, ule ugonjwa wa kifua unaodunga ubavuni. Sidhani kama walioanza kusema "kuchomwa mionzi" walikuwa na moto akilini. Waliifuata sindano: kitu kinatoka nje, kinaingia mwilini, kinatibu. Tatizo ni kwamba msikilizaji hachagui uso anaoutaka msemaji. Akimwona mgonjwa karudi na ngozi ya shingo imekuwa nyeusi, akili yake inakimbilia jikoni.

Nilikaa mwaka juzi na jirani yangu hapa Mwanga aliyekuwa amemaliza tiba ya namna hiyo. Alikuwa bado na mistari ya wino kifuani, ile wanayochora ili mashine ilenge palepale kila siku, na aliambiwa asiisugue anapooga. Mgeni mmoja akamuuliza, kwa huruma kabisa, "Ulichomwa mara ngapi?" Akajibu: "Sijachomwa hata mara moja. Nililazwa, nikaambiwa nisitikisike, mashine ikazunguka, ikalia kidogo, nikaambiwa amka." Mgeni akamtazama kama anayefichwa jambo. Mgonjwa mwenyewe anasimulia alichofanyiwa, lakini kitenzi kimeshamshinda.

Mionzi inapoingia kwenye seli hukata nyuzi za DNA, zile zinazobeba maagizo ya seli. Hakuna kinachowaka. Seli iliyokatwakatwa hivyo ikijaribu kugawanyika inashindwa, inakufa, mara nyingi siku au wiki kadhaa baadaye. Seli zenye afya nazo huumia, ila zina ufundi zaidi wa kujirekebisha, ndiyo maana dozi haitolewi yote kwa mkupuo. Mara nyingi ni grei 2 hivi (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa majuma kadhaa, ili mwili upate kupumua katikati. Ngozi inaweza kuwa nyekundu, kuwa nyeusi, hata kubabuka, na hilo usilifiche. Lakini hiyo ni athari inayokuja baadaye, na ina kitenzi chake: kubabuka. Mgonjwa "hutibiwa kwa mionzi" au "hupewa mionzi". Hata "kupigwa mionzi" mimi naivumilia katika mazungumzo, kwa kuwa imefuata "kupigwa picha" na "kupigwa eksirei", na hakuna anayedhani picha inaumiza.

"Mionzi hizo" ni kosa la sarufi. Mwonzi, mionzi, mti, miti. Mionzi hiyo inakata. Nalisikia hata redioni, kwa hiyo usione haya.

Vinasaba. Hapa mjomba ana nusu ya haki. Neno limeundwa vizuri, kutokana na nasaba, yaani ukoo na uzawa, nami nalipenda. Lakini maneno nayo huolewa, na hili limeolewa na kesi za watoto. Ukitamka "kipimo cha vinasaba" barazani, kila mtu anawaza Mkemia Mkuu wa Serikali na baba anayekana mimba. Mwambie bibi wa Gungu kwamba mwanawe atapewa "tiba ya vinasaba" uone kama hatauliza mtoto ni wa nani. Isitoshe, magazeti yanalitumia neno hilohilo kwa DNA nzima na kwa jeni mojamoja, na katika karatasi yako vitu hivyo viwili vinahitaji kutengana.

Sisi watu wa Kigoma tuna bahati ya mfano ulio shambani. Mchikichi wa zamani, dura, una kokwa lenye gamba nene. Aina nyingine, pisifera, haina gamba hilo. Ukichavusha dura kwa chavua ya pisifera unapata tenera, ile miche ambayo wakulima wetu wanaifuata kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga: gamba jembamba, nyama nyingi, mawese mengi. Unene wa gamba unaamuliwa na jeni moja tu, kipande kimoja kidogo kwenye uzi mrefu wa DNA ya mchikichi. Basi DNA ni uzi wote, jeni ni kipande chenye kazi yake. Vinasaba waachie mahakama, wewe andika jeni. Na ni jeni hii, jeni hizi. "Majeni" yananikumbusha majini.

Tiba hiyo ni kupeleka jeni ndani ya seli za mgonjwa, lakini karatasi yako haisemi inafikaje humo, na watakuuliza. Mara nyingi inabebwa na kirusi. Neno virusi lilitujia likiwa zima, la Kilatini. Masikio yetu yakasikia vi- ya wingi, kama vitabu, tukalitolea umoja wake, kirusi. Ndivyo tulivyolifanyia kitabu pia, ambalo kwa Waarabu ki- yake si kiambishi, ni sehemu ya neno. Kwa hiyo kirusi ni halali, ila chunga herufi: Kirusi chenye herufi kubwa ni lugha ya Moscow. Watafiti hukiondolea kirusi jeni zinazokiwezesha kuzaana, halafu hukipakia jeni wanayotaka ifike. Vitabu vingine vinakiita vekta. Mwanafunzi wa hisabati atawaza mishale. Mimi napendekeza "kirusi mpagazi". Uko Ujiji, mahali njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilipokuwa ikikutana na ziwa. Nani atashindwa kuelewa mtu anayebeba mzigo usio wake hadi mwisho wa safari?

Sasa lile neno baya: "inayoponya". Kutibu ni kazi ya mganga, kupona ni hali ya mgonjwa, na kati ya hayo mawili kuna njia ndefu. Mgonjwa anaweza kutibiwa miaka mitatu asipone. Anayeandika "inaponya" ametoa ahadi, na atakayeisoma zahanati anaweza kuuza ng'ombe kwa ajili yake. "Wamegundua" nalo linaufanya mjadala uonekane umekwisha.

Hali yenyewe ni hii. Jeni iitwayo p53 huizuia seli yenye DNA iliyoharibika isiendelee kugawanyika, au huiamuru ife. Mwaka 1992 mwanasayansi David Lane aliipa jina la mlinzi wa jenomu, yaani wa DNA yote ya seli. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina p53 iliyoharibika. Unaona mantiki ya watafiti: mionzi inakata DNA, lakini mlinzi wa kusema "seli hii ife" hayupo kazini, basi apelekwe mlinzi mzima, kisha mionzi ifuate. Mwaka 2003 China iliidhinisha dawa ya namna hiyo, Gendicine, kwa saratani za kichwa na shingo, na majaribio yake yalikwenda pamoja na mionzi. Huko Chicago, Marekani, mtafiti Ralph Weichselbaum na wenzake walikwenda njia nyingine: waliiunganisha jeni na swichi inayowashwa na mionzi yenyewe, ili ifanye kazi pale tu miale ilipolengwa. Wazo la kupendeza mno. Lakini lilipopimwa katika utafiti mkubwa wa saratani ya kongosho, halikurefusha maisha ya wagonjwa. Kwa habari ya namna hii Kiswahili kina "wanatafiti", "inajaribiwa", "imeidhinishwa nchi fulani kwa saratani fulani". Vitumie.

Nimekuandikia upya, mpe mjomba apitishe tena kalamu:

"Baadhi ya wagonjwa wa saratani (kansa) hutibiwa kwa mionzi. Mionzi hiyo hukata DNA ya seli za saratani hadi zishindwe kuongezeka. Mgonjwa hasikii maumivu mashine inapofanya kazi, ingawa ngozi inaweza kubabuka baadaye. Watafiti wanajaribu pia kupeleka jeni ndani ya seli hizo kwa kutumia virusi wapagazi, ili mionzi izidhuru zaidi."

Nafasi ikibaki chini, ongeza jambo moja, maana nimesikia watu wakisema mgonjwa "amerudi na mionzi" kana kwamba kaibeba mkobani, wakamtengea kikombe chake: "Aliyetibiwa kwa mashine ya nje habaki na mionzi mwilini. Mnaweza kula naye sahani moja."