Tezi dume ya baba na vidonge vya mafua

Mkojo ulimziba baba siku ya pili tangu aanze vidonge vya mafua alivyonunua duka la dawa hapa Wete, Pemba. Tokea saa tano za usiku anaingia chooni, anatoka, kopo la maji mkononi, na hata tone hakuna. Alfajiri tumbo la chini gumu kama dafu, jasho linamchuruzika, na bado anatwambia, "Subirini, utakuja." Hospitali wakamtia mpira. Ulitoka mkojo zaidi ya lita moja, na mzee akapitiwa na usingizi palepale.

Tulikuwa tunajua ana tezi dume. (Twasema "ana tezi dume" kana kwamba sisi wengine hatunayo. Kila mwanamume anayo, imeizunguka njia ya mkojo chini ya kibofu. Yake ilikuwa imekua tu, na kukua huko si saratani.) Alikuwa na dawa mbili, tamsulosini na finasteridi. Ya kwanza aliipenda, maana ndani ya wiki moja akaamka usiku mara mbili badala ya tano. Ya pili aliitupa baada ya wiki tatu: "Hii haifanyi kitu, mwanangu. Inakula pesa tu."

Tukavuka kwenda Unguja, mfuko wa mkojo kaufunga mguuni chini ya kanzu. Daktari wa huko alichukua bahasha ya dawa akachora chungwa lililokatwa. Vile vifuko vya maji, akasema, ndivyo vitezi vinavyotoa majimaji ya shahawa. Sasa tazama nyuzi na ngozi nyeupe inayovishika: hiyo ndiyo tishu unganishi, na ndani yake mna fibroblasti, yaani seli zinazotengeneza nyuzi, na seli za misuli laini.

Nilidhani nyuzi hizo kazi yake kushikilia tu. Kumbe ndizo zenye amri. Seli hizo zina kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi, dihidrotestosteroni, kisha zinavipelekea vitezi ujumbe vikue. Kwa panya, tishu unganishi changa ya sehemu inakoota tezi ikiwekwa pamoja na seli za utando wa kibofu, seli za kibofu huacha ukibofu zikajenga tezi dume! Hilo mpaka leo linanishangaza.

Hapo nikaelewa dawa zake. Tamsulosini hulegeza misuli laini inayobana njia ya mkojo, ndiyo maana mtu huhisi nafuu upesi. Finasteridi huzuia kile kimeng'enya, na tezi kunywea ni kazi ya miezi, pengine sita. Na vidonge vya mafua? Vilikuwa na sudoefedrini, ya kufungua pua, ambayo hukaza misuli ileile. Dawa moja baba kaitupa, nyingine kaitilia adui.

Kwa hiyo mwenye mzee nyumbani, asimwachie aende duka la dawa peke yake bila kusema ana tezi. Akimeza finasteridi, amwambie anayempima PSA, kile kipimo cha damu cha kuchungulia saratani ya tezi dume, kwa sababu baada ya miezi kadhaa dawa hiyo huishusha kama nusu, na namba ndogo ikawadanganya. Akienda kufanyiwa mtoto wa jicho, aitaje tamsulosini mapema; hulegeza lile duara la rangi linalozunguka mboni na kumsumbua daktari wa macho.

Mpira ulitolewa, mkojo ukapita. Lililomfurahisha zaidi ni kutawadha akasali bila kudondokwa na tone. Juzi alishikwa na mafua tena. Nilimkuta dukani kaegemea kaunta, kamkazia macho kijana wa watu: "Hii haina ile ya kukaza?"